Mwaka wa Ndoo Kumi

Zahra alipofika kwangu Segerea, mwezi ulikuwa haujatimia tangu mama yake azikwe ughaibuni, na mimi nilikuwa uani nachambua mchicha bila kutegemea mgeni. Alishuka kwenye bajaji na mkoba wa kompyuta begani, akasimama getini akilinganisha namba ya nyumba na ile iliyokuwa kwenye simu yake, na kabla hajatamka kitu nilijua ni mtoto wa Sakina. Akaniamkia shikamoo, akaniita anti Vero. Nilimwingiza ndani, nikampa pole, nikalia kidogo, naye akalia kidogo, kisha nikamtengea wali na mchicha wa nazi, akala kwa mkono vizuri tu. Kilichonishtua ni Kiswahili chake. Hajawahi kuishi Dar hata mwaka mmoja, lakini alisema mchicha uko bomba kichizi na kwamba joto la uwanja wa ndege lilikuwa noma, maneno ambayo wanafunzi wangu wakiyasikia leo watacheka hadi wakae chini. Kiswahili chote alipewa na mama yake, na mama yake aliondoka nacho Dar mwaka ule, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akakitunza hivyohivyo alivyokichukua. Nilikuwa nasikia mwaka ule unazungumza mezani kwangu, na chakula kikanishinda.

Alipomaliza kunawa alifungua kompyuta, akanionyesha kurasa nne, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kurasa za kanzidata za mtandaoni, zile orodha kubwa ambamo watu wa nchi mbalimbali hukusanya habari za magemu ya zamani yasiyokumbukwa na mtu: nani aliyatengeneza, lini, yalitoka kwa diski au kaseti, kasha lilikuwa na picha gani. Zote nne zilihusu gemu moja ya kompyuta iitwayo Ndoo Kumi, iliyotengenezwa Dar es Salaam. Zote nne, mbele ya neno mtengenezaji, ziliandika jina langu peke yake. Zahra alisema kwamba tangu akiwa mdogo mama yake alimhadithia kuwa aliwahi kutengeneza gemu Mikocheni, na baada ya mazishi yeye alikaa siku nyingi akiitafuta ili awe na kitu cha mama yake cha kucheza. Kisha akafungua ukurasa wa tano. Ulikuwa ukurasa wa mabadiliko wa orodha mojawapo, na ulionyesha kwamba miaka mingi iliyopita mtu mwenye jina la Sakina aliomba aandikwe kuwa ndiye mtengenezaji. Chini yake, kwa herufi nyekundu, palionyesha kuwa ombi limekataliwa kwa sababu mtengenezaji aliyesajiliwa hakulithibitisha.

"Anti, nijibu tu ukweli," alisema. "Mama alikuwa anatunga tu?"

"Tulitengeneza pamoja, mwanangu. Ni habari ndefu."

Akatikisa kichwa taratibu, akafunga kompyuta, akashukuru kwa chakula. Alisema arobaini ya mama yake itasomwa nyumbani kwa bibi, Mikocheni, na bibi ameomba nisikose. Nikamsindikiza hadi barabarani. Nusu ya nilichomwambia ilikuwa kweli, na kwa nusu hiyo nilijichukia zaidi kuliko kama ningedanganya moja kwa moja. Binti ametoka mbali kuuliza swali la ndiyo au hapana, na mimi mtu mzima mwenye nywele za mvi nimemjibu kwa kukwepa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimepanga chumba Kinondoni, na kazi yangu ilikuwa kuchapa. Baba yake Sakina alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya nyumba yao, kilichotoa kalenda, vitabu vya risiti na kadi za harusi, na mimi niliingiza maneno kwenye kompyuta kabla hayajaenda mashineni. Chumba chetu kilikuwa katikati ya kiwanda na jiko. Upande wa kushoto mashine iligonga kutwa nzima hadi vikombe vikatembea mezani. Upande wa kulia ulisikia vitunguu vikikaangwa na Mama Sakina akiongea na simu kwa Kikachi, lugha ya Kihindi ya kwao, akiingia kwenye Kiswahili kila alipotaka kugomba. Kulikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya maua, harufu ya wino na gundi, na dirisha lililotazama bomba la jirani, ambapo maji yakitoka wanawake wa nyumba za nyuma walipanga ndoo zao ukutani. Sakina alikaa kwenye kompyuta ya pili akipanga kurasa za kalenda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, msumbufu, mwenye kutaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, na alikuwa amejifunza kuandika programu kutoka kwenye kitabu kimoja kinene kisicho na jalada. Mchana tulikula pamoja mezani hapo, mama yake akituletea chapati na mchuzi wa dengu, akitukataza kudondosha makombo kwenye kibodi, nasi tukidondosha kila siku.

Wazo la gemu lilitoka dirishani. Siku moja Sakina aliniuliza kwa nini wale wanawake wanaacha ndoo na kuondoka, na hakuna anayeziiba. Nikamweleza kitu ambacho kwangu kilikuwa cha kawaida kama kupumua: ndoo inakushikia nafasi. Unaiweka kwenye foleni, au unaweka dumu bovu, au hata jiwe, unarudi kwako kupika, na zamu yako inabaki zamu yako. Ila uwe macho na wale wanaoisogeza nyuma kwa mguu huku wanaangalia pengine. Nikamsimulia jirani yangu wa Kinondoni aliyefika bombani na ndoo moja, na hadi zamu yake inafika ile ndoo ilikuwa imeshazaa nyingine nne. Sakina alicheka hadi mama yake akaja kuchungulia. Wiki iliyofuata nilipofungua kompyuta nilikuta ndoo ya bluu imechorwa kwenye skrini, na mguu umevaa kandambili unaisukuma nyuma kidogokidogo.

Hiyo ndiyo ilikuwa Ndoo Kumi. Ujaze ndoo kumi kabla maji hayajakatika, huku majirani wanasogeza zako, na wewe unachagua la kuwaambia. Ukiwa mkali sana wanaungana dhidi yako. Ukiwa mpole sana unabaki wa mwisho. Maneno yote yalikuwa yangu. "Dada, ndoo yangu ilikuwaga hapa tangu asubuhi." "Mie nimeikuta hivyohivyo." "Nyie watu wa nyumba ya kona mna dharau." Niliyarekodi kwa sauti yangu saa ya chakula, mashine ikiwa imezimwa, Sakina ameziba mdomo asicheke. Nataka niliseme hili sawasawa kwa sababu nimelisema vibaya kwa zaidi ya miaka ishirini: zaidi ya maneno hayo na sauti hiyo, kila kitu kilikuwa cha Sakina. Michoro ni yake, muziki ni wake, akili ya majirani ni yake, na yale maji yanayopungua kasi polepole hadi moyo wako unaenda mbio ni yake. Alikuwa anawahi asubuhi kabla mashine haijawashwa, na nikifika namkuta macho mekundu, chai imepoa pembeni, anatafuta kosa moja lililojificha kati ya mistari elfu.

Katika mwaka huohuo tuliingiwa na ugonjwa wa orodha. Kiwanda kilikuwa na intaneti ya simu, ya kuvuta kwa shida, na baada ya kula tuliitumia kusoma kanzidata za magemu. Wakati huo tuliziita madaftari. Kulikuwa na Daftari Kali, ambalo lilitaka picha ya kasha mbele na nyuma, picha ya diski, na lilichunguza kila neno kabla ya kulipokea. Kulikuwa na Daftari la Picha, ambalo halikuamini kitu kisichoonekana kwenye skrini. Kulikuwa na Daftari la Wote, ambamo yeyote aliandika chochote, na tulilicheka sana. La nne lilinakili kutoka kwa mengine bila aibu. Tulikuwa tunachukua gemu moja isiyojulikana, tuseme gemu ya kukamua ng'ombe kutoka nchi ambayo hatukuweza kuitamka, na kulinganisha: huku ina watengenezaji wawili, kule haina hata mmoja, kule kwingine wamempa mtu aliyechora kasha tu. Sakina aliumia kweli kwa ajili ya watu hao asiowajua. Alitafuta gemu ya Tanzania kwenye madaftari yote manne, hakuona hata moja. Akasema yetu itakuwa ya kwanza, na itaingia kwenye Daftari Kali au haitaingia kabisa.

Kasha tulilichapa palepale kiwandani, ndoo ya bluu kwenye karatasi ngumu iliyobaki kwenye kalenda. Halikuwa na jina la mtu. Nilimuuliza Sakina kwa nini, akasema majina yataingia kwenye toleo la mwisho. "Siwezi kuweka jina kwenye kitu ambacho bado kinakwama," alisema. Nilimwona anaringa bure. Leo ningetoa chochote kile kuwa na karatasi moja tu yenye jina lake.

Kisha ukaingia Muharamu, mwezi wa maombolezo kwa Mashia kama wao, na nyumba ikabadilika. Wote walivaa nyeusi, televisheni ilifunikwa, muziki ukakoma, na ilikuwa iwe hivyo miezi miwili na siku nane. Siku hizohizo wenye intaneti kafe za Kinondoni na Temeke walikuwa wameanza kuisikia gemu na kuomba nakala. Sakina hakuweza kuijaribu ikipiga muziki ndani ya nyumba ya msiba. Nilimwambia nitaijaribu mimi kwa vipokea sauti vya masikioni, hakuna atakayesikia. Akasema suala si nani anasikia. Akaondoa sauti yote, muziki na maneno yangu, maandishi tu yakabaki, akanakili diski nyingi hivyohivyo, anayetaka sauti asubiri. Wenye kafe walifurahi mno, kwa sababu walikuwa wamechoka na makelele, na kwa hiyo toleo lisilo na sauti ndilo lililoenea mjini na ndilo lililookoka hadi leo. Sitaficha kwamba niliumia kidogo. Nilikuwa nimezoea watu wa mtaani kwangu, waliosikia nakala ya majaribio, waniige sauti nikipita.

Siku za majlisi, vile vikao vya maombolezo, Mama Sakina aliniletea chakula cha baraka kwenye bakuli la enameli, nyama na ngano vilivyopondwa hadi vikalainika, na juu yake vitunguu vya kukaanga na ndimu. Aliniambia nile, ni kama bokoboko tu. Nilikuwa nakula bakuli hilo, peke yangu upande wangu wa meza, Sakina upande wake akichora, nilipomsikia mama yake jikoni anaongea na fundi cherehani. Fundi alikuwa mtu wa Tandika, kwa hiyo waliongea Kiswahili, na kila neno nililisikia. Alimwambia nguo ziwe tayari mwezi wa Safar ukimalizika tu, kwa sababu bibi harusi anaruka mara baada ya harusi na hatarudi leo wala kesho. Katika nyumba ile bibi harusi angeweza kuwa mtu mmoja tu. Fundi cherehani alikuwa anajua. Nilimwangalia Sakina, naye alikuwa ameinamia skrini, mashine ilikuwa inagonga upande wake, hakusikia kitu. Nilisubiri aniambie siku ile, nikasubiri wiki nzima. Hakuniambia. Ningeuliza tu. Swali lenyewe lilikuwa fupi, na tulikuwa tunaulizana mambo makubwa kuliko hilo kila siku tukitafuna chapati. Lakini nilikuwa na kiburi, nikaona ni yeye anayepaswa kuanza, na kila siku iliyopita bila yeye kuanza nikaiandika moyoni.

Ijumaa moja alikwenda kujaribu nguo, akaaga kwamba anakwenda sokoni. Nilibaki peke yangu na kompyuta mbili. Nilifungua Daftari Kali, nikaanza kujaza fomu ya kusajili gemu mpya, kazi tuliyokuwa tumeahidiana kuifanya pamoja. Niliweka picha za kasha. Niliweka picha ya diski. Nilipofika kwenye mtengenezaji niliandika jina langu, nikaweka mkato ili niandike la pili, nikaukalia ule mkato kwa muda, kisha nikaufuta. Fomu iliuliza pia kama gemu ina sauti, na kama haina ni kwa nini. Jibu la kweli lingehitaji kusema gemu ilitengenezwa nyumbani kwa nani, kwa hiyo niliandika kwamba nafasi kwenye diski haikutosha. Nilijiambia kwamba Sakina ataiona, atakasirika, tutagombana, naye ataniambia habari za harusi, nami nitarekebisha, tutacheka. Nilitaka ugomvi, hilo tu. Daftari Kali, ambalo kwa kawaida lilichukua wiki, lilinipitisha kabla ya saa tisa alasiri.

Hakuiona. Mwezi ule hakugusa intaneti hata mara moja, alikuwa anavutwa huku na huku na ndugu na mafundi. Siku chache kabla ya harusi alikuja chumbani, akafunga mlango, akaniambia akilia kwamba anaolewa na kuondoka, na kwamba alishindwa kuniambia kwa sababu alidhani nikijua nitaiacha gemu. Nilimwambia hakuna shida. Nilikwenda kwenye harusi, nikala, nikapiga naye picha, nikamsindikiza hadi uwanja wa ndege pamoja na nduguze. Muda wote huo fomu ilikuwa inanikaa kooni na sikuitema.

Baada ya hapo mambo yalijiendea yenyewe. Daftari la nne lilinakili, Daftari la Wote likafuata, Daftari la Picha likaja baadaye. Chuo kimoja cha Temeke kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa kompyuta, na waliponiuliza nimewahi kufanya nini nikawafungulia ukurasa. Wakaniajiri kwa matazamio. Nilikuwa bado kwenye matazamio, miaka minne hivi tangu Sakina aondoke, barua pepe ilipokuja kutoka Daftari Kali ikisema kwamba kuna mtumiaji anayedai gemu ni yake. Je, unathibitisha? Kulikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana, na maelezo kwamba nisipojibu kwa siku thelathini ombi litakataliwa. Sikubonyeza chochote. Kubonyeza hapana kungekuwa uongo, na mimi sikujihesabu kuwa mwongo. Nilizihesabu zile siku zote thelathini, na baadaye nikathibitishwa kazini, na kwa miaka yote hii nimewafundisha vijana wa watu kwamba wasiamini orodha isiyo na chanzo. Mimi na Sakina tuliendelea kuandikiana kwa nadra, na kila mwaka kwa nadra zaidi.

Kwa hiyo Zahra alipoondoka kwangu nilifanya jambo ninalolijua, nikaenda kurekebisha orodha. Niliwaandikia Daftari Kali kila kitu. Walinijibu kwa adabu kwamba wanahitaji chanzo huru. Nikawaambia mtengenezaji aliyeandikwa ni mimi, na ninasema si mimi. Wakajibu kwamba kauli yangu inapingana na kanzidata nyingine tatu. Nikawaambia hizo tatu zimenakili kwenu, na nyie mlinakili kwangu. Wakasema kila moja inajitegemea. Ndipo nikatoa ushahidi niliodhani hauna jibu: toleo lisilo na sauti. Niliwaeleza Muharamu ni nini, na kwamba nyumba ya Kishia tu ndiyo ingeweza kuzima sauti ya gemu kwa sababu hiyo, wakati kwetu Wakatoliki redio ya kwaya haizimwi mwaka mzima. Mmoja wao aliandika kwamba maelezo yangu yanavutia, lakini kumbukumbu yao inaonyesha kuwa mimi mwenyewe nilieleza kwamba nafasi kwenye diski haikutosha, na hawaoni sababu ya kuiamini kauli yangu ya pili kuliko ya kwanza. Alikuwa sahihi. Ningekuwa yeye ningejibu hivyohivyo.

Daftari la Picha lilitaka skrini yenye jina lake, na hakuna skrini yenye jina la mtu. Daftari la Wote lilinikubalia papo hapo. Niliandika Sakina, nikabonyeza, na jina lake likawa hapo, nikakaa nalitazama hadi nikasahau kwenda kazini. Kesho yake mtu asiyenijua alikuwa amelirudisha langu, akaeleza kwamba anafuata Daftari Kali. Nikaandika tena, akarudisha tena. Siku ya nne ukurasa ulifungwa kwa sababu ya mabishano, ukiwa na jina langu. Katika madaftari yote niliyowahi kuyaheshimu, ni lile tulilokuwa tunalicheka ndilo pekee lililowahi kusema kweli, na lilisema kwa siku tatu. Ndipo nilipotambua kwamba nimemaliza wiki mbili nikiwabembeleza watu nisiowajua waniamini, na aliyeniuliza swali bado sijamjibu.

Siku ya arobaini nilifika Mikocheni baada ya adhuhuri. Kiwanda kimekodishwa kwa watu wa vioo vya magari, na pale kwenye bomba pamejengwa ukuta. Sebuleni walikuwa wametandika mashuka meupe, wanawake wamekaa chini wamevaa nyeusi, nami nikakaa nao, nikasikiliza kisomo nisichokielewa, nikalia kilio ambacho hakuna aliyekishangaa. Mama Sakina alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekuwa mdogo, na sikio lake linalosikia ni la upande wa kulia tu sasa. Watu walipoanza kuinuka na chai ikaletwa, nilimwomba Zahra aje akae karibu na bibi yake, ili nitakalolisema niliseme mara moja kwa wote wawili.

"Gemu ile aliitengeneza Sakina," nilisema. "Mie niliandika maneno tu. Niliweka jina langu peke yake kwa hasira, na alipoomba lisahihishwe nilikaa kimya."

 Zahra aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akakiinua, akakiweka tena. Mama Sakina alikuwa ameona midomo yangu ikienda, akamuuliza mjukuu wake nimesema nini. Zahra akainama kwenye sikio lake la kulia.

"Anasema gemu ilikuwa ya mama. Anasema mama hakutunga."

 Nilingoja Mama Sakina anifukuze, na ningeondoka nikiwa nimepata nafuu. Badala yake alianza kuongea polepole, akitafuta maneno. Alisema Zahra alipokuwa mchanga yeye alikwenda kule ughaibuni kumsaidia binti yake kulea. Siku moja Sakina alisoma kitu kwenye kompyuta, akaanza kulia, akamwambia mama yake kwamba wamemkatalia gemu yake. Mama akamwomba amsomee, naye akamsomea: mtengenezaji hakuthibitisha.

"Nilimgombeza," alisema Mama Sakina. "Nilimwambia, Vero ni mtoto mwema, kala kwenye nyumba yangu, hawezi kusema uongo. Kwa nini unang'ang'ania kitu cha mwenzio? Nikamwambia akuombe radhi. Hakutaka. Nikamwambia sitakula chakula chake mpaka aandike. Akaandika, mie nimekaa pembeni yake nimempakata huyu." Akamgusa Zahra gotini. "Na wewe ulijibu, akanisomea. Nimesahau, mwanangu, uzee. Ulimjibu nini?"

Barua ile ya kuniomba radhi niliipata. Niliisoma ofisini, Temeke, kati ya kipindi na kipindi, na nikaijibu palepale kwa mstari mmoja, nikafarijika kwamba mambo yamekwisha.

"Nilimwambia nimemsamehe," nilisema.

Hakusikia. Akamgeukia Zahra amweleze, lakini Zahra alikuwa anatazama shuka jeupe na hakufungua mdomo. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikasogea kwenye sikio la kulia, na nikasema tena, kwa sauti ya kufika hadi barazani, kwamba nilimjibu nimemsamehe.